Hakutaja Jina

Mtoto wa dada yangu aliandika kwa nia njema. Naliweka hilo mbele kabisa, maana mwenyewe hulisema kila mara, na sitaki aje aseme nimemnyima haki yake.

Anaitwa Hananel. Ni mwalimu wa Torati, na kila juma hutoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, aliyoipa jina Maji ya Kisima. Juu huandika somo la Torati la juma hilo, chini huandika fundisho la kuishi na watu, na katikati huweka kisa cha kweli ili fundisho liingie. Ijumaa mchana karatasi zinagawiwa katika masinagogi yote ya mtaa wetu hapa Yerusalemu, na Sabato asubuhi wanaume huzisoma wakati wanapotakiwa kumsikiliza anayeongoza sala. Wanawake pia tunazisoma, tena sisi hatujifichi. Watu huzipenda kwa ajili ya kile kisa. Torati wameisikia tangu wangali mgongoni, ila ya jirani ni mapya kila juma.

Nilimlea Hananel miaka miwili dada yangu alipougua, kwa hiyo mpaka leo ananiita Mama mdogo, naye ana mvi nyingi kuliko mimi. Kila Alhamisi alikuwa anakuja kwangu kula kube za supu ya limau, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, tulivyotoka navyo Zakho, mji wetu wa zamani. Anakula kumi na mbili, anasema ameshiba, anakula nyingine mbili.

Alhamisi moja, majira ya baridi, siku tisa kabla ya Sabato nitakayoisimulia, nikamuuliza jambo.

Mjukuu wangu Noga alikuwa ameletewa mchumba. Mshenga alimleta Elkana, mtoto wa Zekaria na Yona, Wayemeni wanaokaa juu kule, ngazi zinapoishia. Watu wazuri. Kijana mwenyewe fundi wa kurekebisha vyombo vya muziki, mpole, masikio makubwa. Walikuwa wameshakutana mara mbili kama vijana wetu wanavyokutana, kwenye ukumbi wa hoteli, soda moja kila mtu, saa mbili nzima. Mara ya pili Noga alirudi akavua viatu, akakaa jikoni, akala mkate mkavu huku anatabasamu na friji. Nikajua. Nikapeleka kwa Yona chupa ya achari yangu nyekundu, ile ya figili na kiazisukari. Yona akanipigia simu kusema Zekaria ameimaliza nusu kwa kusimama.

Tatizo lilikuwa Aviva. Aviva ni binti yangu wa pekee, ndiye mama yake Noga. Ana miaka kumi na moja katika hospitali ile ya kule mlimani, ya watu ambao akili zimewaacha. Noga alikuwa darasa la tano mama yake alipoingia. Baba yake alishaondoka zamani. Mtaani nilisema Aviva anafanya kazi Haifa. Mwanzoni niliona aibu kusema, halafu nikazoea, mwisho nikawa hata na hadithi za Haifa: mvua ilivyonyesha kule, bei ya samaki. Kwetu hapa mtu akitaka kuoa, ukoo wa binti unapekuliwa kama mchele, na ugonjwa wa namna ile ndio jiwe wanalolitafuta kwanza.

Hananel alijua. Ni yeye aliyetupeleka kwa gari siku ile.

"Nikuulize kitu," nikamwambia. "Sikuulizi kama mwanangu. Nakuuliza kama mwalimu."

Akaweka kijiko chini. "Uliza, Mama mdogo."

"Ya Aviva. Nimwambie Yona lini?"

Akajifuta ndevu. Alifikiri kweli, siwezi kumsingizia. Akasema: "Subiri. Ukisema mapema, watu hawajamwona binti, wataona ugonjwa peke yake. Ukisema umechelewa, umewadanganya. Wakikutana mara ya nne, moyo ukishashika, ndipo uende mwenyewe kwa Yona, wawili tu, mlango umefungwa."

"Imeandikwa hivyo?"

"Inatokana na yaliyoandikwa."

"Basi kama inatokana, nitasubiri."

Kisha akatazama ukuta kwa muda, kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta kitu alichokuwa anakitafuta. Nilidhani anafikiria habari zangu.

Ijumaa ya juma lililofuata akapita mlangoni kwangu na karatasi, mbio mbio, Sabato inakaribia.

"Mama mdogo, ya juma hili usiiache. Fundisho limekaa mahali pake."

"Nitaisoma."

"Isome taratibu."

"Mimi kila kitu nasoma taratibu."

Akacheka akaenda. Nikaiweka chini ya kopo la sukari. Niliwasha mishumaa, tukala, tukalala. Nikaja kuishika alfajiri, Noga bado amelala, mvua inapiga bati la jirani. Nasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtu anayechagua dengu.

Somo la juma lile ni lile lenye habari za Yuda na Tamari. Tamari alipata mimba ya mkwewe Yuda bila Yuda kumtambua, maana alikuwa amejifunika uso. Yuda aliposikia tu kwamba mjane wa mwanawe ana mimba, akaamuru atolewe nje achomwe moto. Na yule mwanamke, njiani anapelekwa kuchomwa, alikuwa nayo fimbo ya Yuda na pete yake ya muhuri. Angeweza kuvinyanyua watu wote wavione. Hakufanya. Alivituma kwake kimya kimya: mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba. Akitaka atakiri, asipotaka mimi nitaungua. Wazee wakatoa hapo fundisho: afadhali mtu ajitupe katika tanuru la moto kuliko kumwaibisha mwenzake mbele ya watu.

Hananel aliliandika vizuri sana. Nikafika katikati, penye kisa.

«Mama mmoja mzee wa mtaa wetu, ambaye achari yake nyekundu haikosi katika meza ya arusi yoyote, alinijia akilia. Binti yake amelazwa miaka kumi na moja katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na majirani wameambiwa yuko Haifa. Sasa mjukuu wake anaposwa. Je, aseme au anyamaze? Nikamjibu: mama, mfuate Tamari. Kuna neno la kusemwa, lakini lisemwe mlango umefungwa.»

Sikulia. Hilo nalo aliliongeza.

Nilisoma mara tatu, nikidhani labda kidole kimeruka mstari. Kisha nikasimama. Simu ilikuwa pale juu ya friji, lakini ni Sabato, simu haiguswi. Kuchana karatasi, haichanwi siku ya Sabato. Kutupa, haitupwi siku yoyote, ina jina la Mungu. Kitu kimoja tu kinaruhusiwa kwa karatasi ya namna ile: kutiwa katika sanduku la maandiko yaliyochakaa, lile lililopo katika kila sinagogi, mpaka ije kuzikwa kaburini pamoja na vitabu vilivyopasuka. Nikaona hapo ndipo pa kuzipeleka. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa Yona kuna masinagogi matatu. Zekaria haanzi kusoma mpaka afike kwenye benchi lake. Nikiyapitia yote kabla watu hawajajaa, zikaingia sandukuni, Sabato itapita. Zitakazobaki Sabato ikishaisha, nani anasoma karatasi ya jana.

Nikavaa koti juu ya nguo ya kulalia, nikatoka.

La kwanza ni letu wenyewe, la watu wa Zakho. Gurji mlinzi ndiyo kwanza anafungua.

"Naze," akasema, "hata Mungu hajanawa uso. Wanawake wenzako huja saa tatu."

"Karatasi za Hananel ziko wapi?"

"Pale mezani. Zimefanya nini?"

"Zina kosa. Ameniomba niziondoe."

"Kosa gani?"

"La chapa."

Nimekaa miaka sabini na nne nikijitahidi nisiseme uongo siku ya Sabato, na ulitoka laini kama siagi. Gurji akanisaidia kuzibeba, masikini. Tukazitia sandukuni chini ya ngazi, juu ya vitabu vya zaburi visivyo na majalada.

La pili ni la Waajemi. Hapo nilimkuta Habiba, ambaye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na hupenda kuwahi sehemu ya wanawake ili achague kiti cha kuona wote wanaoingia. Nikampa amani ya Sabato, nikaanza kuokota karatasi kwenye viti, moja moja, halafu zile za mezani.

"Wee Naze, umeajiriwa usafi?"

"Zina kosa. Zinaondolewa."

"Kosa? Mimi nimeisoma jana yote, kabla hata supu haijapoa. Sikuona kosa. Tena juma hili kisa kimetulia. Nilikuwa najiuliza ni mama gani huyo, masikini ya Mungu, maana achari nyekundu..."

Akaishia hapo. Akanitazama usoni, akatazama bunda mkononi mwangu, akatazama nguo ya kulalia inayochungulia chini ya koti. Habiba hajawahi kunyamaza tangu tumfahamu. Siku ya mazishi ya mumewe alikuwa anaelekeza watu pa kuegesha magari. Lakini pale alinyamaza. Kisha akachukua karatasi yake kutoka kwenye kitabu cha sala, akaninyooshea kwa ncha za vidole.

"Chukua na hii yangu, dada," akasema. Hajawahi kuniita dada.

Hapo ningegeuka nirudi nyumbani. Naliona hilo leo, wazi kama bakuli. Lakini miguu ilikuwa imeshashika njia, na nilikuwa bado nahesabu masinagogi. Nilitia nyingine sandukuni, lile la Waajemi likajaa, zilizobaki nikazificha chini ya koti nikaanza kupanda ngazi. Ngazi za kwenda kwa Wayemeni ni mia na kidogo, na mvua ilikuwa inashuka nazo kama imekodiwa. Nilipumzika mara nne. Mara ya tatu mwanamke kijana alinipita mbio, shali imemfunika kichwa, akasema pole bila kusimama.

Wayemeni wanaanza sala mapema kuliko wote. Nilikuwa nimelisahau hilo, mimi niliyepeleka achari kwao. Nilipofika watu walikuwa wamejaa, na kila aliyekaa ana karatasi mkononi. Na mbele, karibu na kabati la Torati, amesimama Hananel mwenyewe. Kila Sabato huwa anakwenda sinagogi mojawapo kulisema fundisho lake kwa mdomo kabla Torati haijatolewa. Sabato ile ilikuwa zamu yao.

Niliingia sehemu ya wanawake, nyuma ya wavu wa mbao. Yona akaniona, akasogea, nikakaa pembeni yake huku maji yananitiririka.

Hananel alikuwa anasema habari za Tamari. Ana sauti nzuri, alirithi kwa baba yangu. Alisema Tamari alivyotembea kuelekea kwenye moto, na fimbo na pete vimo kwenye fundo la nguo yake, na mdomo umefungwa. Akasema: na msidhani mambo hayo ni ya zamani, yapo hapa mtaani kwetu. Akaanza kisa.

Nilikuwa karibu na wavu kiasi cha kuugusa. Ningeupiga kofi mara moja tu, nikasema, Hananel, nyamaza. Angenyamaza, nilimfuta kamasi huyo. Lakini nikipiga kofi, kila kichwa kinageuka, na kila kichwa kinajua yule mama mzee ni nani. Tena nimemwaibisha yeye, mwalimu wa watu, mtoto wa marehemu dada yangu, mbele ya mkutano mzima, na fundisho lenyewe ndilo hilo analolisema. Nikakaa. Akasema binti, akasema hospitali, akasema Haifa. Akasema afadhali tanuru la moto kuliko kumwaibisha mtu. Wanaume wakatikisa vichwa, mmoja akasema, umesema kweli, mwalimu. Nami nyuma ya wavu nimezibana karatasi zake sitini kwapani, zimeanza kulowa.

Yona alikuwa ameiweka yake magotini, kidole kiko kwenye neno achari. Akaniinamia.

"Mama Aviva," akasema.

Siku zote aliniita Mama Naze.

"Umelowa," akasema.

"Mvua."

"Hizo chini ya koti ni za nini?"

Nikalivuta koti.

"Tulikuwa tunajua," akasema kwa sauti ya chini, macho mbele kama anasikiliza. "Noga alimwambia Elkana siku ya pili walipokutana, soda haijafika nusu. Elkana akaja akatuambia. Zekaria alizunguka sebuleni mpaka nikasikia kizunguzungu mimi. Mwisho akasema, binti aliyesema mwenyewe bila kuulizwa, huyo hatakuja kutudanganya. Tukakubaliana. Sisi tunyamaze, na ninyi mnyamaze, mambo yaende."

"Basi," nikasema. "Kama mnajua, basi."

"Kujua tulijua. Sasa mtaa umejua."

"Hakutaja jina."

Niliusikia mdomo wangu unamtetea.

"Hakutaja," akasema Yona. "Jana niliposoma nilimwambia Zekaria, wanawake wa achari wako wengi, tutasema si yeye. Ningelisema hivyo mpaka wanitie udongo kinywani. Lakini mke wa mtoto wa Habiba ametoka kwa Waajemi akafika hapa kabla yako, anasali kwetu yule. Amewaambia benchi la nyuma lote kwamba unapita sinagogi kwa sinagogi unazikusanya, na nguo ya kulalia. Nani anakusanya kisa kisicho chake, Mama Aviva?"

Nikamkumbuka yule wa ngazini, na shali yake.

"Nina mabinti watatu nyumbani," akasema. "Wa kwanza ana miaka kumi na tisa. Wataulizwa wifi yao ametoka wapi. Ningekuwa na wavulana watupu ningekwambia maneno mengine."

Kabati likafunguliwa, Torati ikatolewa, tukasimama wote. Yona alininyooshea kitambaa chake nijifute uso. Alikuwa mwanamke mwema, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mpaka leo hainishuki. Nilipata wa kumkasirikia kila mahali isipokuwa hapo. Wakasoma Torati, na wakafika kwa Tamari, nami nikasikiliza mpaka mwisho. Yuda alikiri. Alisema, yeye ana haki kuliko mimi. Katika Torati mambo huisha hivyo.

Nyumbani nilimkuta Noga ameandaa meza, sufuria iko juu ya bamba la moto, nywele zake amezifunga vizuri kwa ajili ya Sabato. Nikamwambia yote, nimesimama vilevile na koti.

Akanivua koti, akakuta zile karatasi, zimegandana kama ukurasa mmoja. Akaliweka lile furushi juu ya kiti.

"Ulimwambia Elkana siku ya pili," nikasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi hukuniambia."

"Ungekwenda kumuuliza Hananel."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekwambia saa ngapi. Kisha akanipakulia chakula.

Jumapili asubuhi nilikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Ndani yake ile chupa yangu ya achari, imeoshwa, imekaushwa, mfuniko umefungwa, tupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata ukigombana naye utatia ndimu mbili. Sikuhitaji simu ya mshenga, lakini alipiga mchana, akasema kijana anaona bado hajawa tayari, akasema Mungu ataleta la heri. Akasema pia, kwa upole, kwamba kwa hali ilivyo itakuwa vizuri nimtafutie Noga mtu aliyeachika, au mwenye kasoro yake kidogo, watafaana.

Noga alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikuwa nimeweka sauti kubwa, maana sisikii vizuri sikio la kushoto.

Hananel hakuja Alhamisi ile. Alikuja Jumanne iliyofuata, na boksi la maandazi ya jemu, sikukuu ya taa imeshakwisha, maandazi yamelala siku mbili. Akakaa mahali pake.

"Nimesikia," akasema.

"Umesikia wa mwisho. Mtaa wote uliwahi."

"Mama mdogo, mimi sikutaja jina."

"Ulitaja achari."

"Nilitaka watu wamheshimu huyo mama, wajue ni mtu wa kuheshimika. Kisa bila kitu cha kushika hakikai moyoni."

"Kimekaa," nikasema.

Akashusha macho. "Nimewazuia watu wangapi wasisengenye kwa karatasi zile, miaka tisa. Wanaandika barua. Kuna mtu alirudiana na kaka yake."

"Najua."

"Basi naomba radhi. Unajua kwamba kosa la mtu kwa mtu Mungu mwenyewe hasamehi mpaka mwenye kukosewa asamehe. Nimekuja kuomba."

"Umekosea mlango. Chumba cha Noga ni kile."

Akaenda akagonga. Akaita jina lake, taratibu, mara tatu. Mlango haukufunguliwa. Akarudi akakaa.

"Hafungui," akasema.

"Basi umejibiwa."

Alikuwa anazungusha kijiko mezani, hakuna bakuli. Nilimwonea huruma, na nikajichukia kwa huruma hiyo. Nikasema nilichokuwa nimekikalia siku kumi. Juma lile ilikuwa zamu ya habari za Yusufu, anapojitambulisha kwa kaka zake waliomuuza.

"Yusufu," nikamwambia, "alikuwa mtawala wa Misri. Angeweza kusema mbele ya baraza lote, tazameni, hawa ndio walionitupa shimoni. Na ingekuwa kweli. Lakini kwanza alipiga kelele, watoeni watu wote nje. Akabaki na kaka zake peke yao, ndipo akasema, mimi ni Yusufu. Aliwafungia mlango watu waliomuuza, Hananel. Wewe mimi nilikuuza wapi?"

Macho yake yakajaa maji. Akashika mkono wangu akaubusu, akaondoka bila koti, ikabidi arudi kulifuata. Usiku ule nilisema na Mungu, nikamwambia, angalau limeingia.

Ijumaa karatasi zikaja kama kawaida. Safari hii hakupita mlangoni, aliichomeka chini ya mlango. Noga ndiye aliyeiokota. Akasimama nayo jikoni, akaisoma kwa macho, yeye anasoma haraka. Kisha akanisomea kwa sauti.

«Juma hili nilikwenda kumwomba radhi mama mmoja mzee niliyemkosea. Hakuwa na elimu kubwa, lakini alinifundisha neno ambalo sijalikuta kwa walimu wangu. Akaniambia: Yusufu aliwafungia mlango hata waliomuuza...»

Aliandika yote. Aliandika kilio chake pia, na kwamba mjukuu wa mama yule hakumfungulia, na kwamba tumwombee binti huyo moyo wake ulainike.

Noga akaikunja kwa mikunjo yake ileile. Akaiweka chini ya kopo la sukari, akavaa koti. Ijumaa mchana ndiyo siku yake ya kumwona mama yake, kabla Sabato haijaingia. Zamani alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma ili Habiba asimwone na kikapu cha chakula. Siku ile alitoka kwa mlango wa mbele. Nilimsikia Habiba akimwuliza kutoka dirishani, unakwenda wapi na mvua hii, mwanangu, na Noga akajibu kwa sauti ya mtaa mzima kusikia: "Haifa."

Kesho yake sinagogini wanawake walinishika mkono mmoja mmoja. Walisema Hananel kajishinda safari hii. Walisema hilo la Yusufu na mlango, hilo watalikumbuka. Gurji akaniuliza kama hizi nazo zina kosa la chapa, azitie sandukuni. Nikamwambia hapana, hizi ziko sawa.

Elkana alioa baada ya Pasaka, binti wa mji wa Rehovot. Noga bado yuko nami. Anafundisha watoto wa chekechea nyimbo, na jioni anarudi, anavua viatu.

Na Hananel amerudia Alhamisi zake. Ni mtoto wa dada yangu, siwezi kumfungia supu. Anakaa mahali pake, ananiuliza habari za Noga, habari za Aviva, usingizi wangu, moyo wangu. Ana kalamu kwenye mfuko wa shati. Mimi namwekea bakuli mbele, namwekea na limau pembeni.

"Kula," namwambia.